Jinsi ya Kuchambua Upole wa Mazungumzo kwa Kutumia Nadharia za Pragmatiki

Wengi wanaoanza kuchambua upole katika lugha huanza kwa kuhesabu maneno. Huorodhesha kila "tafadhali", "samahani" na "naomba" waliyoyakuta katika data yao, kisha huhitimisha kwamba msemaji aliyeyatumia zaidi ndiye mpole zaidi. Njia hiyo haifiki mbali. "Funga mlango" inaweza kusemwa baina ya marafiki na hakuna atakayekunja uso, ilhali "Tafadhali, naomba ufunge mlango", ikisemwa kwa mkazo kwa mtu ambaye ameshaombwa mara moja, huwa ni karipio. Kwa mtazamo wa pragmatiki, tawi la isimu linalochunguza maana ya usemi katika matumizi yake, upole haukai ndani ya neno. Hutokana na uhusiano baina ya tendo linalofanywa kwa usemi, watu wanaohusika, na mzigo ambao tendo hilo linamtwisha mmoja wao. Kinachofuata ni namna ya kuufuatilia uhusiano huo katika mazungumzo ya kawaida, nadharia gani itumike wapi, na wapi kila nadharia huishiwa nguvu.

Chukua mazungumzo, si sentensi

Sentensi moja iliyong'olewa mahali pake haichambuliki. Andika usemi wote, aliyeusema na aliyeambiwa, uhusiano wao, kilichotangulia, na hasa kilichojibiwa, kwa kuwa jibu ndilo ushahidi wa karibu kabisa wa jinsi msikilizaji alivyouelewa usemi. Ikiwa ni mazungumzo halisi ya watu, pata ridhaa yao na uondoe majina. Kwa ajili ya maelezo haya nitatumia mfano wa kubuni: ujumbe wa mfanyakazi kwa mkuu wa idara yake, asubuhi ya Jumanne ambayo ripoti ilitakiwa kukabidhiwa.

Mfanyakazi: "Habari za asubuhi mkuu. Samahani kwa usumbufu, najua kipindi hiki una kazi nyingi. Nilikuwa naomba, kama itawezekana, niongezewe siku mbili za kumalizia ile ripoti, maana takwimu za idara nyingine zimenifikia jana jioni."

Mkuu: "Sawa, lakini Alhamisi isipite."

Mfanyakazi: "Asante sana mkuu, itakuwa tayari."

Semi hizi tatu zinatosha kuonyesha karibu kila jambo la msingi.

Taja tendo kabla ya kutaja upole

Swali la kwanza si "msemaji ametumia maneno gani?" bali "msemaji anafanya nini?" Hapa tunamrudia mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ya mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Harvard ilichapishwa mwaka 1962, baada ya kifo chake. Austin alionyesha kwamba kusema ni kutenda, akatenganisha usemi wenyewe, tendo linalokusudiwa kwa usemi huo, na athari yake kwa msikilizaji. John Searle aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1969, na mwaka 1975 akaeleza matendo uneni yasiyo ya moja kwa moja, yaani pale ambapo umbo la sentensi linaonyesha tendo moja na msemaji anakusudia jingine. "Unaweza kunisogezea hilo faili?" ina umbo la swali kuhusu uwezo, lakini atakayejibu "Naweza" na kuendelea kukaa atakuwa ameelewa umbo na kulikosa tendo.

Katika mfano wetu, tendo kuu ni ombi la kuongezewa muda. Salamu, samahani na maelezo kuhusu takwimu ni matendo saidizi yanayolizunguka. Inafaa kuyapigia mstari matendo saidizi hayo moja moja na kuandika pembeni kila moja linafanya kazi gani, kwa sababu mara nyingi upole hujificha humo kuliko ndani ya ombi lenyewe. Angalia pia kwamba kitenzi "naomba" kinalitaja tendo waziwazi, na kwamba msemaji amekirudisha nyuma kwa "nilikuwa", ingawa anaomba sasa hivi. Wakati uliopita hapa hauhusu saa. Unaliweka ombi mbali kidogo na wahusika, hivyo kwamba likikataliwa, kinachokataliwa kionekane kama wazo lililokuwapo, si mtu aliyesimama mlangoni akisubiri.

Pima kilichozidi

H. P. Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975 kutokana na mihadhara aliyoitoa mwaka 1967, alipendekeza Kanuni ya Ushirikiano pamoja na makundi manne ya kaida: kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Mtu anayezungumza hutarajiwa kusema kinachotosha, asiseme asichokiamini, aseme kinachohusiana na mazungumzo, na aseme kwa uwazi. Inapoonekana kwamba kaida fulani imevunjwa makusudi, msikilizaji hutafuta maana iliyodokezwa nyuma ya maneno.

Kwa mchambuzi wa upole, faida ya Grice ni kwamba anampa kipimo cha kuanzia. Jiulize: ujumbe huu ungekuwaje kama lengo lingekuwa kufikisha habari tu? Ungekuwa "Naomba siku mbili zaidi za ripoti." Kila kilichozidi hapo kinahitaji kuelezewa. Grice mwenyewe alitaja kwa kupita kwamba zipo kaida nyingine za kijamii, ikiwamo ya kuwa mpole, ila hakuzishughulikia. Robin Lakoff alilichukua suala hilo mwaka 1973 na kupendekeza kwamba mazungumzo yanaongozwa na madai mawili, kuwa wazi na kuwa mpole, na kwamba yakigongana, mara nyingi upole hushinda. Kanuni zake tatu za upole ni fupi na zinakumbukika: usijilazimishe kwa mtu, mpe nafasi ya kuchagua, na mfanye ajisikie vizuri. Katika ujumbe wetu, "samahani kwa usumbufu" inaitii ya kwanza na "kama itawezekana" inaitii ya pili. Lakoff hufaa kwa kugawa data kwa haraka. Usitegemee akueleze kwa nini msemaji yuleyule hutumia kanuni hizi kwa mkuu wake na kuziacha kabisa kwa mwenzake.

Uliza nani anafaidika

Geoffrey Leech, mwaka 1983, alitoa kaida sita za upole: busara, ukarimu, sifa, unyenyekevu, makubaliano na huruma. Mbili za kwanza zinahusu kumpunguzia mwingine hasara na kumwongezea manufaa, au kinyume chake kwa upande wa msemaji mwenyewe. Wapo waliomkosoa kwamba hakuweka mpaka wa idadi ya kaida, kwa hiyo kila tabia mpya ingeweza kutungiwa kaida yake. Nakubaliana na ukosoaji huo. Lakini wazo lake la mizani ya gharama na manufaa ni miongoni mwa vifaa bora alivyo navyo mchambuzi, na halipaswi kuachwa kwa sababu ya orodha.

Mizani hiyo inaeleza jambo ambalo wahesabuji wa maneno hawawezi kulieleza: kwa nini sentensi ya amri tupu huweza kuwa ya upole kabisa. "Kaa, pumzika", "Chukua kingine", "Lala upone kwanza" zote ni amri, na hakuna anayezisikia kama ukali, kwa kuwa faida inamwendea anayeamriwa. Kuzilainisha kungeziharibu. Anayesema "Ningekuomba, kama hutojali, uchukue kingine" anafanya ukarimu wake uonekane wa kulazimishwa. Geuza faida imwendee msemaji, kwa mfano "Nikopeshe gari lako wiki nzima", na amri ileile inakuwa nzito mno kusemwa hivyo. Kwa hiyo katika kila usemi unaouchambua, andika nani analipa na nani anapata, kisha ndipo uangalie umbo.

Leech husaidia pia pale ambapo kaida mbili zinavutana. Mtu akisifiwa "Wasilisho lako lilikuwa zuri sana", kaida ya makubaliano inamtaka akubali na ya unyenyekevu inamtaka akatae. Ndiyo maana majibu ya sifa mara nyingi huwa ya kukwepa: "Tulisaidiana", "Lilikuwa la kawaida tu", "Na lako pia". Kila moja ni suluhu ya muda kati ya madai mawili yasiyoweza kutimizwa kwa pamoja.

Tafuta uso unaotishiwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Penelope Brown na Stephen Levinson walitoa nadharia yao mwaka 1978 na kuichapisha tena kama kitabu mwaka 1987, wakitumia data ya Kiingereza, Kitamil cha kusini mwa India na Kitzeltal cha Meksiko. Dhana yao ya uso inatokana na mwanasosholojia Erving Goffman, aliyeijadili mwaka 1955. Uso ni taswira ya nafsi ambayo kila mtu angependa wengine waiheshimu, na una pande mbili. Uso chanya ni haja ya kukubalika na kupendwa. Uso hasi ni haja ya kuachwa huru, bila kuingiliwa. "Hasi" hapa si ubaya. Ni jina la upande tu.

Matendo mengi ya kawaida hutishia uso wa mtu. Ombi na amri hutishia uso hasi wa msikilizaji kwa kuuingilia uhuru wake, na ukosoaji na upinzani hutishia uso wake chanya. Wachambuzi wengi huishia hapo na kusahau kwamba msemaji naye ana uso. Kuomba radhi ni kukiri kosa, na kushukuru ni kukiri deni. Mfanyakazi wetu anaposema "Asante sana mkuu, itakuwa tayari", anakubali kwamba anadaiwa na wakati huohuo anajifunga kwa ahadi. Sentensi fupi, lakini imemgharimu zaidi ya ilivyomgharimu mkuu kusema "Sawa".

Anayetaka kufanya tendo linalotishia uso ana njia tano, kuanzia kali hadi tahadhari kubwa kabisa. Anaweza kulifanya waziwazi bila kulainisha. Anaweza kulilainisha kwa upole chanya, yaani kwa kuonyesha ukaribu, kukubaliana na kujumuisha, kama katika "Ndugu yangu, sisi wawili tutalimaliza hili leo". Anaweza kutumia upole hasi, yaani kuonyesha kwamba hataki kumwingilia mtu. Anaweza kulisema kwa fumbo, kama anayetamka "Joto la humu leo si mchezo" akitumaini dirisha litafunguliwa. Au anaweza kuacha kabisa.

Uchaguzi baina ya njia hizo, kwa mujibu wao, hutegemea mambo matatu yanayojumlishwa: umbali wa kijamii kati ya wahusika, mamlaka aliyonayo msikilizaji juu ya msemaji, na uzito wa tendo lenyewe katika jamii yao. Wanaliandika kama hesabu, na hapo wanafunzi wengi hupotea kwa kuanza kugawa alama, tatu hapa, mbili pale. Hizo si namba za kupima. Ni ukumbusho wa mambo matatu ya kuuliza, na namna nzuri ya kuyauliza ni kubadilisha moja au mawili huku yaliyobaki ukiyaacha yalivyo.

Tufanye hivyo kwa ujumbe wetu. Badilisha mamlaka na umbali: ombi lilelile la siku mbili liende kwa mfanyakazi mwenzake wa meza ya jirani anayekusanya ripoti. Pengine lingekuwa "Nivumilie hadi Alhamisi basi, takwimu zimenifikia jana." Salamu na samahani zimeondoka, na "kama itawezekana" haina kazi. Sasa badilisha uzito tu na umwache mkuu palepale: "Mkuu, mgeni wako amefika." Mamlaka ni yaleyale lakini hakuna cha kulainisha, kwa kuwa habari hiyo haimwingilii mkuu na pengine alikuwa akiisubiri. Mwisho, weka uzito mkubwa kati ya marafiki wa karibu, kama lile ombi la gari kwa wiki nzima, na utaona maneno yakirefuka hata pale ambapo hakuna mamlaka yoyote: "Nina jambo nataka nikuambie, ukiona gumu niambie tu." Jaribio hili la kubadilisha ni jepesi, na linaonyesha ni kipi kati ya vitatu kilichozalisha kila kipande cha usemi.

Turudi kwenye jibu la mkuu. Kwa juu linaonekana kavu: halina salamu, halina jina, halina sababu. Mchambuzi wa haraka ataandika "wazi bila kulainisha, kwa sababu ya mamlaka", naye atakuwa amekosa nusu ya jambo. Kwanza, kukubali kumetangulia sharti, na sharti limeingia kwa "lakini" baada ya uso wa mwombaji kuwa salama. Pili, mtenda wa kitenzi ni Alhamisi. Mkuu hakusema "Usipitishe Alhamisi", ambayo ingemnyooshea kidole mfanyakazi. Amesema "Alhamisi isipite", kana kwamba wajibu ni wa siku. Kumwondoa msikilizaji katika nafasi ya mtenda ni mojawapo ya mikakati ya upole hasi waliyoieleza Brown na Levinson, na hapa imetumiwa na mtu ambaye kwa mamlaka yake hakulazimika kuitumia. Mambo kama haya ndiyo yanayofaa kuandikwa katika uchambuzi.

Usiifanye nadharia moja kuwa ya watu wote

Brown na Levinson walidai kwamba misingi yao ni ya binadamu wote, na dai hilo limepingwa kwa nguvu. Yoshiko Matsumoto mwaka 1988 na Sachiko Ide mwaka 1989 walionyesha kwamba katika Kijapani maumbo mengi ya heshima si mkakati ambao msemaji anauchagua ili afanikishe ombi. Ni wajibu unaotokana na nafasi yake mbele ya mwenzake, na hutumika hata pasipo tishio lolote. Gu Yueguo, akiandika kuhusu Kichina mwaka 1990, alisisitiza kwamba upole hubeba kanuni za kimaadili ambazo jamii inaweza kumdai mtu, si haja za nafsi yake pekee.

Fundisho la kiutendaji hapa ni kwamba ukutanapo na umbo la heshima, uliza kama msemaji alikuwa na hiari ya kuliacha. Salamu na neno "mkuu" katika ujumbe wetu zina uwezekano mkubwa wa kuwa wajibu: zikiwapo hakuna anayezigundua, zikikosekana kila mtu anagundua. "Najua kipindi hiki una kazi nyingi" ni hiari, na hapo msemaji ameongeza kitu. Richard Watts, mwaka 2003, alitenganisha mambo haya mawili kwa kuita la kwanza mwenendo unaotarajiwa katika hali husika na kuona upole katika kile kinachozidi matarajio. Mwaka 2001 Gino Eelen alikuwa ameshatahadharisha kwamba upole kama watu wa kawaida wanavyouhukumu si sawa na upole kama istilahi ya mwanaisimu. Ukichanganya mawili hayo, utajikuta ukimwambia msikilizaji aliyekasirika kwamba kwa mujibu wa nadharia hakuwa na sababu ya kukasirika.

Dhana nyingine ya kuangalia kwa makini ni ile inayosema kwamba kadiri usemi unavyozunguka ndivyo unavyokuwa na upole zaidi. Shoshana Blum-Kulka, mwaka 1987, aliwauliza wasemaji wa Kiebrania na Kiingereza wapange maombi ya aina mbalimbali. Vidokezo vya mbali, ambavyo vilikuwa vya mzunguko zaidi, havikupewa nafasi ya juu ya upole, nafasi hiyo ilikwenda kwa maombi yanayotumia njia ya kawaida inayofahamika, mfano wa "Unaweza...?" Sababu inaeleweka: kidokezo humwachia msikilizaji kazi ya kubuni kinachotakiwa, na kazi hiyo nayo ni mzigo.

Upole unaouma

Usemi wenye kila alama ya upole unaweza kuwa shambulio. Jonathan Culpeper, mwaka 1996, alipanga mikakati ya utovu wa upole ikiwa kama kivuli cha ile ya Brown na Levinson, na mmojawapo ni upole wa bandia, ambao kwa umbo unaheshimu na kwa maana unachoma. Mwenyekiti anapomwambia mwenzake aliyechelewa "Samahani sana mheshimiwa, tunaweza kuanza, au bado unahitaji muda?", kila neno ni la adabu, na kila aliyepo anajua kilichotokea. Ishara ya kutafuta ni kutolingana: adabu imezidi umbali, mamlaka na uzito uliopo. Ukishafanya jaribio la kubadilisha, kutolingana huko kutaonekana chenyewe, na kutathibitishwa na jibu, iwe ni ukimya, kicheko cha wengine au utetezi wa ghafla. Katika ujumbe wa maandishi hukumu hii huwa ngumu zaidi, kwa kuwa sauti na sura hazipo na maneno hubaki yakibeba peke yake kazi ambayo ana kwa ana hugawanywa.

Unapoandika uchambuzi wako

Chagua nadharia moja ibebe uchambuzi, na uziite nyingine pale tu inapokwama. Kurundika zote katika kila mfano huzalisha orodha ya majina, si maelezo. Kwa maombi, kukataa na ukosoaji, anza na Brown na Levinson. Kwa sifa, pongezi, ofa na pole, Leech hufika haraka zaidi. Kwa lugha au mazingira yenye viwango vya heshima vilivyopangwa, anza na swali la Ide kuhusu wajibu. Kwa magomvi, nenda kwa Culpeper moja kwa moja.

Kila dai liwe na sehemu tatu: kipande cha usemi, kazi yake, na ushahidi kutoka kwa jibu au kutoka kwenye jaribio la kubadilisha. Badala ya kuandika "mfanyakazi ni mpole", andika kwamba ametumia wakati uliopita na sharti la uwezekano ili kupunguza mwingilio kwenye uhuru wa mkuu, kwamba vyote viwili hutoweka ombi hilohilo linapokwenda kwa mwenzake wa karibu, na kwamba mkuu amelipokea kama ombi linalojadilika, kwa kuwa amelikubali na kuliwekea mpaka. Kauli ya namna hiyo inaweza kupingwa kwa data. Ile ya kwanza ni sifa ya tabia ya mtu, na pragmatiki haina kifaa cha kuipima.